Kibao cha Lamzira

Mimi hulipwa kwa herufi.
Lijue hilo kwanza, usije ukadhani nina busara.
Herufi zetu za Kijojia ni thelathini na tatu,
zote zimejikunja kama vikonyo vya mzabibu,
na brashi yangu huzipenda zikiwa nyingi.

Kwa hiyo Lamzira Gogsadze, mhasibu,
aliponijia na karatasi iliyojaa pande mbili,
nilimpa kiti, nikamtengea chai.
Kodi za kampuni. Kodi za watu binafsi. Mirathi,
mikopo, ukaguzi, mishahara, forodha,
na chini kabisa: "huduma nyinginezo."
Nilipaka siku tatu. Nikanunua viatu.

Kibao kikatundikwa Chugureti, juu ya ngazi,
na watu wakapita chini yake
kama wapitavyo chini ya wingu lisilo na mvua.
Akalipia redio. Akagawa kalamu mia tano zenye jina lake.
(Ninayo moja. Haiandiki.)
Mwaka ule alipata wateja tisa wenye shida tisa,
kila shida na sheria yake ya kusomwa upya
usiku, miguu ndani ya beseni la maji moto.
"Najua kidogo kuhusu kila mtu," aliniambia,
"na hakuna ajuaye lolote kunihusu."

Husemwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Mimi nilaye kwa vibao
sijapata kuipenda methali hiyo.

Februari, theluji ikiwa topetope, akarudi mikono mitupu.
"Futa."
"Nifute nini?"
"Anza na forodha."
Nikafuta forodha. Nikafuta mirathi, mikopo,
kila neno likiondoka na kitu mfukoni mwangu,
mpaka ukabaki mstari mmoja katikati ya ubao mweupe:
Hesabu za waokaji mikate.

"Na watu wengine?"
"Wengine wana wahasibu wengine."

Kumbe katika wale tisa alikuwapo mmoja,
Ushangi, wa tanuri la chini ya ardhi kule Vera,
ambaye daftari lake lilidondosha unga likifunguliwa,
aliyelipa kwa wakati, na ambaye kazi yake
Lamzira aliifanya huku akiimba.
Basi akajiuliza: wako wangapi kama huyu?
Akatembea, akahesabu. Mia moja arobaini na mbili.
Wote wananunua unga bila risiti.
Wote wanaliogopa bili la gesi la Januari.
Na wote, hili ndilo lililomchekesha, mchana wamelala.
Nani angekisoma kibao changu?

Akahamisha saa za kazi.
Saa tisa usiku, kurunzi mkononi,
dirisha hadi dirisha, kwenye joto la matanuri,
akiuliza swali moja tu:
"Mkate huu mmoja unakugharimu tetri ngapi?"
Walikuwa hawajui.
Akawapigia hesabu kwa penseli juu ya karatasi ya kufungia,
kabla mkate haujabanduliwa ukutani,
akaiacha, akaenda zake.

Usidhani ilikuwa rahisi. Badri wa Gldani
alimfukuza, mikono imejaa kinyunya.
Miezi mitatu ya kodi ya nyumba ililiwa na piano aliyoiuza.
Kisha Tsiala akampeleka kwa binamu yake,
binamu akamtaja kwenye foleni ya kinu cha unga,
na huko, mahali ambapo sina hata msumari wa kutundika kitu,
jina lake likaumuka.

Siku hizi hupita kwangu alfajiri akirudi kulala,
huniachia mkate mmoja, mrefu, umechongoka kama upanga,
nami huula nikikitazama kibao cha mlango wangu mwenyewe:
Napaka vibao, kuta, magari, mawe ya makaburi,
milango ya makanisa, mayai ya Pasaka.

Herufi zangu mwenyewe, na hakuna anayenilipa.
Jana nimefuta mayai.